Magunia ya Upande wa Juu

"Sufuria limeinama," sauti ilisema. "Na mpishi si wetu."

Simu ikakatika.

Odeta Shigela wa Idara ya Usalama alikuwa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, akibishana bei ya sangara. Alimwachia mwenye samaki ushindi, akarukia Honda XL yake na kuipandisha kuelekea Kiseke kama anayefukuzwa. Ujumbe ulikuwa wazi. Kuna meli hatarini ziwani, na anayeielekeza kutoka nchi kavu ni adui.

Meli yenyewe ni MV Ntuzu, iliyotoka Bukoba na watu mia mbili. Mmoja wao ni Nestory, dereva aliyelibebea genge dhahabu ya magendo mpaka dhamira ikamshinda. Kesho angepanda kizimbani Mwanza na kumtaja mkubwa wao, Kessler.

Kessler alikuwa na pasipoti za nchi tatu, na hakupendwa katika hata moja. Muuaji mwenye bidii angemvizia Nestory gizani. Kessler aliona hiyo ni kazi ya jasho. Akaona heri azamishe meli nzima akiwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, chini ya kiyoyozi.

Muuaji mvivu. Hata uhalifu una watu wa kuuaibisha.

Ghorofa la Kiseke lilikuwa na antena juu na wahandisi ndani. Nahodha akipatwa na balaa ziwani, huita Kiseke. Wahandisi hupiga hesabu kwenye kompyuta, kisha humwambia tangi lipi ajaze na lipi atoe maji. Naye hutii. Kwa hiyo anayeshika kipaza sauti cha Kiseke ameishika meli.

Getini kulikuwa na Prado nyeusi na kijana wa miraba minne aliyevaa miwani ya jua, na mvua ndiyo kwanza inakatika.

"Ngosha, kaka, choo kiko wapi?" Odeta alimuuliza.

Jamaa akageuka kuonyesha. Helmeti ikamkuta shavuni. Alilala bila kumaliza maelekezo.

Juu, Obedi, mhandisi wa zamu, alikuwa chini ya meza, amefungwa kwa nyaya za chaja. Kitini pake alikaa Kessler, akinukia marashi ya dukani uwanja wa ndege.

"Jaza tangi la kulia, nahodha," alikuwa akisema kwa Kiswahili cha darasani. "Meli itanyooka."

Mdomo wa bastola ya Odeta, Glock 19, ukamgusa kisogoni.

"Toa kidole kwenye hicho kitufe."

Kessler akainua mikono, akitabasamu. "Umechelewa, binti. Ameshafungua valvu."

Odeta alikipiga kiti teke. Kiti kikaenda kwake, Kessler akaenda kwake. Nyaya za chaja zilizobaki zikapata mteja mwingine; Obedi angesubiri.

"Nahodha Venant, hapa Kiseke. Funga valvu ya kulia, sasa hivi."

"Kiseke, mnanichezea? Si mmesema nifungue?"

"Aliyesema ni jambazi. Shikamoo, mzee. Funga."

Redio ilikoroma.

"Marahaba. Imefungwa."

Idara iliwahi kumsomesha Odeta utulivu wa meli kwa miezi sita, naye alilalamika kila siku. Sasa alimhoji Venant harakaharaka. Meli imelalia kushoto. Haina tundu. Injini nzima. Mvua? Kubwa, tangu asubuhi.

"Meli ya Bukoba haikosi dagaa. Wako wapi?"

Nahodha akakohoa kikohozi cha mtu mwenye kosa.

Dagaa walikuwa sitaha ya juu. Bandarini Bukoba, bwana mmoja mkarimu aliwashauri akina mama wapandishe magunia huko, dagaa wazidi kukauka njiani kwa jua la bure. Venant aliona, akanyamaza. Nani agombane na akina mama wa dagaa? Mwanaume mzima, ana mistari minne begani, anaogopa kusutwa. Kisha mvua ikanyesha, magunia yakanywa mpaka yakashiba.

Ndiyo hesabu ya Kessler, aliyemtuma yule bwana mkarimu. Meli haikuinama kwa sababu upande mmoja ni mzito. Iliinama kwa sababu juu ni kuzito kuliko chini. Ukijaza tangi la upande ulioinuka, inanyanyuka, inapita wima, inajibwaga upande wa pili na haiamki.

Dawa ni kupunguza mzigo wa juu, tena kuanzia upande ulioinuka, isije ikapinduka kwenda huko.

Mabaharia walikuwa wamejaribu kuyatupa magunia. Mmoja aling'atwa. Kila gunia lilikuwa limeshonwa kwa kipande cha kitenge cha mwenyewe, na miongoni mwa akina mama wale mkono mwingine haugusi gunia lenye mwenyewe. Huo ndio mwiko uliowawezesha kulala usingizi bandarini miaka yote.

Kessler akacheka kutoka sakafuni. "Hawatatupa. Watayafia magunia yao. Nawajua hawa watu."

Odeta akaomba mwenyekiti wao aletwe redioni.

"Mimi Evelina. Nani wewe?"

"Odeta, mama. Wa Shigela wa Magu." Akamweleza yatupwe magunia gani kwanza.

"Sasa, Odeta wa Shigela, upande unaotaka uanze ni wangu wote. Kwa nini kila balaa lianzie kwangu?"

"Kwa sababu ukianza wewe, hakuna atakayebaki amekumbatia lake. Na nisikufiche, mama. Mkitupa ya kulia, meli italala zaidi kushoto kabla ya kunyooka. Msikimbie. Wengine wote wakae chini."

Watoto walisikika wakilia nyuma yake.

"Ukinidanganya, binti, nitakufuata nikiwa maiti."

"Karibu nyumbani, mama."

Kishindo cha kwanza kikasikika majini. Kisha kingine. Kisha mvua ya vishindo.

"Kiseke, inalala," Venant alisema. Sauti yake ilikuwa imekonda. "Inalala zaidi."

"Ndivyo nilivyosema. Endeleeni."

Kessler aliacha kucheka ili asikilize vizuri.

"Kulia kumeisha."

"Sasa ya kushoto. Polepole."

Vishindo vikaanza tena, kimoja kimoja.

"Inarudi," Venant alisema. Kisha, kama mtu anayeogopa kuiamsha, "Imesimama. Imesimama wima."

Obedi, bado chini ya meza, alianza kulia. Mama Evelina akarudi hewani. Alisema kuna kijana mmoja, Nestory, amemwomba ruhusa kwa heshima na kutupa magunia yake mengi kuliko mabaharia wote, na sasa anataka kuongea.

Odeta akaishusha spika ya redio mpaka sikioni pa Kessler.

"Kiseke," sauti changa ilisema, ikihema. "Waambieni wa mahakamani nakuja. Nitanuka dagaa, lakini nakuja."

Kessler akafumba macho.

Odeta alimfungua Obedi, akamrudishia kiti chake na nahodha wake. Ngazini alipishana na polisi waliokuwa wakipanda mbio, wakamuuliza yeye ni nani.

"Nilikuja kuuliza choo," alisema, na hakupunguza mwendo.