Yamide, Njoo Twende

Nepi ndizo zilizowachelewesha.

Si upepo, si injini ya boti, si foleni ya Fritauni. Nepi! Dayo alimwapia mkewe kwamba ameshazipakia, na Dayo akishaapa, jua jambo halijafanyika. Ikabidi arudi mbio dukani huku Onike akimngoja kwenye gogo ufukweni, mtoto mgongoni, amekunja uso kama mtu aliyenusa wali wake ukiungua.

Walipopanda boti, jua lilikuwa limeshachoka.

Dayo alikuwa fundi simu. Mdomo wake ulifanya kazi kuliko mikono. Shati alilovaa siku hiyo lilikuwa na maua mengi kuliko bustani ya kanisa, na safari yenyewe ilikuwa ya kujionyesha: mwaka mmoja wa ndoa, siku tatu kwenye hoteli ya kisiwani, vibanda sita vya makuti vinavyotazama maji. Watu wa mtaani wafe kwa kijicho. Kabla boti haijang'oa nanga alishapiga picha thelathini, na mkewe yumo katika mbili tu.

Mtoto wao aliitwa Yamide. Miezi mitano, mashavu kama maandazi, kilio cha kuamsha mtaa.

Bibi Ransolin, aliyemlea Onike, alikuwa amewapa agizo moja tu. Kila nyumba ya Wakrio, wenyeji wa Fritauni, inalijua. Mtoto mchanga akivushwa maji, mwili hutangulia, roho hubaki nyuma ikichezea mawimbi. Basi mkishuka, baba mtu asimame, ageukie kule mlikotoka, amwite mwanawe mara tatu. Roho isikie, ifuate.

"Na ugeuke," bibi alimwambia Dayo, kidole kifuani mwake. "Uite taratibu. Usipige kelele kama muuza dagaa."

"Bibi, mimi nikiita hata papa watakuja."

"Hilo ndilo ninaloogopa."

Sasa boti ikagusa mchanga. Nahodha, jamaa mmoja mkimya aitwaye Bureh, akaruka majini na kuishikilia. Onike akawa anashuka polepole, mkono mmoja kwenye ubavu wa boti, mwingine nyuma kumshika mtoto.

"Dayo, mwite mtoto."

"Namwita, namwita."

Akatoa simu. Maana, jambo zuri kama hilo lifanyike bila video? Lakini alipogeukia walikotoka aliona nini? Maji meusi. Giza. Video gani hiyo? Mbele, kwa upande wa pili, kulikuwa na taa za hoteli zikiwaka moja moja, minazi, kilima, anga jekundu. Hapo ndipo penye video.

Akaielekeza simu kisiwani, akavuta pumzi, akapaza sauti.

"Yamide! Njoo twende! Yamide! Njoo twende! Yamide! Njoo twende!"

Sauti ikaenda mpaka kilimani.

"Umegeuka?" Onike aliuliza. Alikuwa amempa mumewe mgongo, anakung'uta mchanga.

"Nimegeuka bwana. Mimi mtoto?"

Bureh alikuwa amevua kofia. Alimtazama Dayo, akatazama kilima, akaivaa tena kofia yake taratibu.

"Kesho alfajiri nitakuja," alisema.

"Kaka, tumelipia siku tatu!"

"Kesho alfajiri," Bureh akarudia. Akasukuma boti bila hata kwaheri. Upepo ulikuwa umeanza kuinuka, na mlio wa injini ukafifia... ukafifia... ukaisha.

Hapakuwa na wageni wengine. Mwisho wa mvua, nani anasafiri? Alikuwepo mpishi tu, Mama Sento, mwanamke mnene aliyewapungia mkono kutoka mlango wa jiko, akawaonyesha kibanda cha mwisho.

Kitu cha kwanza kilikuwa kimya.

Yamide hakulia. Alivuliwa, akafutwa, akabadilishwa nepi ile ile iliyowagombanisha. Kimya. Onike akampa titi. Mtoto hakulitazama. Macho yalikuwa wazi, yametulia kama maji ya kisima.

"Amechoka na safari," Dayo alisema.

"Huyu? Huyu anayelia tangu siku ya kwanza?"

Kitu cha pili kilikuwa harufu. Maziwa yaliyochacha. Na chini yake, chuma chenye kutu.

Dayo akatoka barazani kutafuta mtandao. Hakuna hata kijiti kimoja. Akainua simu juu, akaishusha, akaitikisa, kama kawaida ya watu. Ndipo mwanga wake ulipoangukia ngazi.

Ngazi tatu za mbao, zimelowa. Na kwenye mchanga, kutoka upande wa kilimani, si wa baharini, mfereji mwembamba ulikuja moja kwa moja hadi pale. Si nyayo.

Viganja. Na magoti.

Vidogo.

Alikuwa bado ameinama pale Mama Sento alipofika na sinia la mchuzi wa samaki wa pilipili. Mama yule akaona alichokiona Dayo. Akaliweka sinia chini, hapo hapo mchangani.

"Nani aliita?" alinong'ona.

"Kuita nini, mama?"

"Kaka, usinichezee. Nilikuwa jikoni. Sauti ilinijia usoni. Mtu aliita jina akitazama huku."

Onike alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kifuani. "Aliita akitazama baharini," alisema. Kisha akamgeukia mumewe. "Si ndiyo?"

Dayo akaishusha simu, akaificha nyuma ya mgongo.

"Nipe simu," Onike alisema.

Wakaingia ndani, Mama Sento akasukuma komeo. Onike akaifungua video. Taa za hoteli, minazi, anga jekundu, sauti ya Dayo: *Yamide! Njoo twende!*

Halafu upepo.

Halafu, mbali, kilimani... *eeh.*

*Yamide! Njoo twende!*

*Eeh.* Karibu zaidi.

*Yamide! Njoo twende!*

Na ya tatu haikuwa sauti moja. Zilikuwa nyingi. Nyembamba, zimerundikana, kama vifaranga ndani ya tenga.

Onike akaizima simu.

"Nyuma ya kilima kuna kuta," Mama Sento alisema chini chini. "Za zamani, za meli za watumwa. Watu waliwekwa pale, wakapakiwa, wakapelekwa. Wanawake waliuzika. Waliokuwa wananyonya... hao hawakuwa na mnunuzi. Waliachwa pale mchangani. Mama zao wamevuka, na hakuna aliyegeuka kuwaita. Ndivyo wazee wanavyosema, mimi sikuwepo. Ninachojua, sisi wa hapa hatuiti jina la mtu kuelekea kilimani. Tunapiga makofi."

"Kwa nini hamkutuambia?" Dayo alifoka kwa kunong'ona.

"Nani anamwambia mgeni asiite ukuta? Tulidhani kwenu mna akili."

Kap.

Mlango. Chini kabisa, kwenye usawa wa goti.

Kap. Kap.

Kiganja kilicholowa juu ya ubao.

"Mwanangu yuko wapi?" Onike aliuliza, naye amemkumbatia.

"Wako yuko majini bado, anangoja kuitwa. Aliyeko mlangoni ameshajibu jina lake. Mkiita tena sasa hivi, atakayeingia ni huyu. Na wenzake nyuma yake."

"Twende bara, basi!"

"Kwa boti gani, dada? Na mkiondoka bila kuita, mtaondoka na hicho ulichobeba." Alimwonyesha Yamide kwa kidevu. "Gamba."

Basi ndivyo walivyonasa. Bahari mbele, kilima nyuma, na jina la mtoto wao wenyewe limegeuka mlango usiofaa kufunguliwa wala kufungwa.

Nje, kile kitu kikaanza kulia.

Haikuwa sauti ya kutisha. Hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Kilikuwa kilio cha mtoto mwenye njaa, kilio cha kawaida kabisa, na Dayo akaona doa likitokea kwenye blauzi ya mkewe. Halafu la pili. Maziwa yalikuwa yanashuka yenyewe. Mtoto wa kifuani amenyamaza, wa mlangoni analia, na mwili wa Onike ulikuwa umeshachagua.

Akapiga hatua kuelekea mlangoni.

"Onike."

"Ananililia, Dayo."

"Mwanao umembeba!"

"Huyu halii," Onike alisema, macho yamejaa. "Huyu halii, unasikia? Niache nifungue."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye komeo. Dayo akaushika. Akamtazama Mama Sento, na ule ujanja wote, maua yote ya shati, yakawa yamemnyaukia.

"Mama, nifanyeje?"

"Hakuja kwa mkeo. Amekuja kwa aliyeita. Aliyeita mgeni ndiye mwenyeji wake."

Dayo alielewa.

Sasa, mjue huyu bwana. Huyu ndiye aliyemcheka jirani yake wiki nzima kwa kumbeba mwanawe mgongoni. "Mwanamume unafungwa mbeleko kama mama muuza mihogo!" Yeye hajawahi. Hata siku moja. Wala nepi hajabadilisha, ndiyo maana hakukumbuka kuzipakia.

Akaichukua mbeleko ya Onike kitandani.

Akalifungua komeo, akatoka kinyumenyume, akaufunga mlango, akabaki gizani. Hakutazama. Alipiga magoti barazani, mgongo kwa ngazi, akatandaza kitambaa mabegani.

Kilio kikakatika.

"Mimi ndiye niliyekuita," alinong'ona. "Panda."

Kitambo hakikutokea kitu. Kisha ubao mmoja ukalia. Kisha baridi ikamgusa kwenye mbavu, kiganja kidogo, halafu cha pili, vikipapasa maua ya shati lile, vikishika, vikivuta. Uzito ukaja. Si uzito wa mtoto wa miezi mitano. Uzito wa mfuko wa mchanga uliolowa. Kichwa kikalala katikati ya mabega yake, kikashusha pumzi.

Harufu ya kutu ikamjaa puani.

Dayo akakaza fundo kifuani. Akainuka. Akatembea mpaka majini, mpaka mawimbi yakamfika kwenye mashavu ya miguu, akalielekea lile giza ambalo halikufaa kwa video.

Akaita taratibu. Kama alivyofundishwa.

"Yamide, njoo twende. Yamide, njoo twende. Yamide... mama yako anakungoja. Njoo twende."

Kitu kikapita miguuni mwake. Chepesi, kama samaki.

Na kule kibandani kukapasuka kilio cha kuamsha mtaa.

Onike alicheka na kulia kwa pamoja. Yamide alilishika titi kama mtu aliyekosana nalo miaka. Dayo aliwasikia kutoka barazani, maana hakuingia ndani. Alikaa ngazini mpaka kukakucha, mgongo wima, akiyumba kidogo kidogo, jinsi kila mzazi anavyoyumba bila kujijua.

Bureh akaja alfajiri, kama alivyosema. Hakuuliza habari za usiku.

"Mfungue," Mama Sento alimwambia Dayo ufukweni. "Mwambie amefika kwao, ashuke."

Dayo akalegeza fundo. "Umefika kwenu. Shuka."

Mbeleko ikaanguka mchangani. Ndani yake hamkuwa na kitu, ila imelowa. Wakatazamana wote. Onike akapumua. Hata Bureh akatabasamu kidogo. Wakapanda.

Wakafika katikati ya maji, Bureh akapunguza moto wa injini.

"Kaka, sogea katikati. Boti inalalia upande wako."

Dayo akasogea katikati.

Bado ililala.

Onike akamtazama mumewe, na Dayo akatazama maji. Nini cha kufanya? Kurudi? Kumshusha wapi? Alishaambiwa njoo, kwa sauti kubwa, mara tatu, na mtu mzima mwenye akili zake. Na waliomwacha mchangani mara ya kwanza hawakurudi.

Bibi Ransolin alikuwa anangoja ufukweni. Alimchukua Yamide, akamnusa utosini, akaridhika. Alipomgeukia Dayo kumkumbatia, mikono yake ilifika mgongoni na kusita. Akairudisha polepole.

"Niliwaambia mgeuke," alisema. Basi. Mpaka leo hajaongeza.

Siku hizi ukipita pale anapotengeneza simu, saa za magharibi, utamkuta Dayo amefunga mbeleko mgongoni, tupu, fundo kifuani. Vijana humtania. "Baba nani, mtoto kalala?" Zamani angewajibu mpaka watafute pa kujificha. Sasa hucheka tu na kuwaomba wapunguze sauti. Mkewe anasema Dayo amempa huyo wa mgongoni jina, maana kuna nyakati humsikia akilinong'ona. Dayo hamwambii mtu. Anaogopa lisije likaitwa tena na mtu asiyegeuka.

Onike angeweza kuishi na hilo. Mtu huzoea mengi. Lakini wiki iliyopita Dayo alikuwa ameketi kwenye mkeka, na Yamide, ambaye sasa anakaa mwenyewe, alikuwa nyuma yake na kipande cha ndizi. Akakiinua juu ya bega la babake, akakishikilia, akacheka jinsi watoto wanavyochekeana. Kisha akakishusha.

Onike akakichukua, akakitazama dirishani kwenye mwanga. Kilikuwa kimeng'atwa.

Yamide hajaota hata jino moja.