Kete ya Sitini na Nne

Kila asubuhi kabla ya shule, Ziada alibeba debe lake kwenda kisimani, na kila asubuhi kisimani palikuwa na ugomvi. Hapo ni Lindi, enzi za Mwingereza. Watoto wa mtaa wa pwani, Ziada akiwamo, walidai kisima ni chao tangu mababu. Watoto wa mtaa wa juu, ambao baba zao walitoka bara, huko Rutamba, kuja kufanya ukuli bandarini, walisema maji ni ya Mungu. Hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Walisukumana, wakatukanana, na siku moja ukingo wa debe ukampasua Yustina wa mtaa wa juu paji la uso.

Bi Kazija, mama yake Ziada, hakuwa na subira na upuuzi wa namna hiyo. Aliwaita watoto wa mitaa yote miwili.

"Kama mna nguvu za kupigana, zileteni kwenye bao," aliwaambia. "Kila Alhamisi, maana siku hiyo hakuna chuo cha Kurani, mtacheza barazani kwangu kuanzia alasiri mpaka magharibi. Atakayefungwa, kesho yake asubuhi atamtekea mshindi wake maji na kumfikishia mpaka mlangoni."

Walikuja, lakini wamenuna. Wa pwani walikalia mkeka wao, wa juu wakakalia wao, na katikati likawekwa bao la marehemu babu yake Ziada pamoja na kete zake sitini na nne za komwe. Mihogo ya kuchemsha ililiwa kimyakimya, kila upande ukichungulia sinia la wenzao kuona kama limejaa zaidi. Huo ndio urafiki wenyewe wa Alhamisi tatu za mwanzo.

Alhamisi ya nne Ziada alipangwa kucheza na Yustina. Yustina, binti wa Mzee Modesti, alikuwa mkimya, mwenye kaniki moja tu, na kumbe bao alilijua vilivyo. Ziada aliona kete zake zinaliwa shimo baada ya shimo. Akajiona kesho yake akipandisha debe la maji mtaa wa juu, kisima kizima kikimcheka. Heri afe! Basi zamu yake ilipofika, kete moja akaibana kiganjani badala ya kuiangusha, ili zilizobaki zimwishie kwenye shimo alilolitaka. Zikamwishia hapo hapo. Akala kete tele, na kabla ya magharibi alikuwa ameshinda.

Ile kete aliichomeka kwenye pindo la kanga, akikusudia kuirudisha baadaye. Lakini Biasha, binamu yake, alikuwa na mazoea ya kuzihesabu kete kabla ya kuzitia mfukoni.

"Sitini na tatu!" Biasha alipiga kelele. "Moja imeibwa!"

Macho yote ya pwani yakamgeukia Yustina.

"Mpekueni! Hawa watu wa bara hawa!" mmoja wao alifoka.

Wakamkung'uta kaniki, wakamfumbua viganja, na Biasha akamwamuru afungue kinywa. Bi Kazija alikuwa jikoni. Alipotoka, Yustina alikwisha kimbia, na wenzake walikuwa wanaondoka wakiapa kwamba hawarudi tena. Ziada alizidi kulikunja lile pindo la kanga. Aliona haya, lakini hofu ilizidi haya.

Kulipokucha, kabla hajanawa uso, Ziada alisikia maji yakimiminwa kwenye mtungi wa mlangoni. Alikuwa Yustina. Miguuni alikuwa na alama za fimbo.

"Nilifungwa," Yustina alisema bila kumtazama. "Maji yako hayo."

Akaenda zake. Moyo ulimwuma Ziada hata akashindwa kusimama pale. Alimfuata mama yake, akafungua pindo la kanga na kumwonyesha ile kete. Bi Kazija aliitazama asipaze sauti, na hilo lilimtisha Ziada kuliko makofi.

"Mwenzio alipekuliwa mbele ya watu," mama alisema. "Na wewe utasema mbele ya watu. Chukua debe, twende."

Kisimani Ziada aliinyanyua kete juu. "Niliificha mimi," alisema. "Yustina hakuiba."

Watoto wa juu walimzomea. Wa pwani nao walimzomea, na Biasha akamwambia kwamba amewaaibisha wote. Yustina peke yake hakuzomea. Alitua debe lake chini.

"Nyumbani walisikia kwamba mimi ni mwizi," alisema. "Baba akanichapa. Nenda ukamwambie yeye."

Hilo Ziada hakulitarajia. Alitamani ardhi ipasuke, lakini mama yake alikwisha tangulia njia ya mtaa wa juu. Walimkuta Mzee Modesti akijiandaa kwenda bandarini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Una nini, binti?"

Ziada akamweleza yote. Mzee Modesti alikaa kizingitini taratibu, akaitazama mikono yake.

"Nilimpiga huku anaapa hajaiba," alisema. "Fimbo ile siwezi kuirudisha, wala wewe huwezi. Uongo wako ulikuwa mdogo hata ukafichika kwenye pindo la kanga. Lakini umempa mwenzio jina la mwizi, na mimi umenifanya nimwonee mwanangu. Ukikosa, mwanangu, sema wakati kosa lingali lako peke yako."

Kisha akamgeukia Bi Kazija. "Mchezo wenu usife, mama Ziada. Ila Alhamisi ijayo mje huku kwetu."

Alhamisi hiyo Ziada alilibeba bao kichwani hadi mtaa wa juu. Wa pwani waliomfuata walikuwa wanne tu, Biasha alikataa katakata. Wenyeji walikuwa wamejaa mkekani na hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Ziada alisimama na bao lake mpaka shingo ikaanza kumwuma. Mwishowe Yustina akaivuta miguu yake kando.

"Kaa," alisema. "Lakini leo mikono yako niione."