Kiu ya Eneida

Haya yalimpata jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Halvard, mtu wa Norwei aliyemwoa Eneida, binti wa hapa hapa Panama. Mungu ni shahidi wangu, siongezi neno.

Siku ile ilianza kama nyingine zote: jua kali, jogoo, na bomba kavu. Halvard alikuwa ameishi kwetu miaka mingi, lakini mambo ya maji, umeme na ofisi alikuwa akiyashughulikia Eneida. Alikuwa akienda na utani wake, akirudi maji yanatoka. Sasa Eneida, Mungu amrehemu, alikuwa kaburini, na Halvard alikuwa amesimama peke yake kwenye dirisha la karani wa ofisi ya maji.

"Mita ina jina la mkeo, mzee. Aje mwenyewe."

"Amekufa."

"Ah, pole sana. Basi rudi kesho."

"Jana pia uliniambia kesho!"

"Si ndiyo maana unazeeka, mzee, unahesabu sana," karani alisema, na foleni nzima ikacheka.

Halvard alirudi nyumbani kwa miguu, koo limekauka, kichwa kinamgonga. Alitaka kumeza dawa ya presha. Bomba likakohoa tu. Sebuleni, juu ya kitambaa cheupe, mbele ya picha ya Eneida, palikuwa na glasi ya maji. Huku kwetu marehemu husaliwa siku tisa nyumbani kwake, na siku zote hizo roho yake bado imo humo, na glasi ile ni yake. Haiguswi. Halvard alilijua hilo. Lakini alikuwa ameichoka nchi nzima. Akaichukua, akanywa yote.

Ubaldina, dada mkubwa wa Eneida aliyeongoza sala, alimkuta na glasi mkononi.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimekunywa maji. Au na haya yana karani wake?"

Ubaldina hakucheka. Alishusha sauti. "Kesho siku ya tisa tunaondoa altare hii, naye anaondoka. Ataondokaje na kiu? Asipotosheka, atabaki humu humu."

Akaenda kwa majirani, akarudi na jagi, akaijaza glasi. Akageuka kuwasha mshumaa. Alipotazama tena, glasi ilikuwa kavu, kama haijawahi kutiwa maji.

Akajaza tena. Safari hii wakatazama wote wawili. Maji yalishuka polepole. Hakuna aliyeigusa glasi. Wakasikia mtu akimeza.

"Eneida," Halvard alinong'ona. "Mke wangu. Nisamehe."

Tangu mazishi hakuwa amelia. Akalia pale.

Glasi haikutosha. Jagi halikutosha. Majirani wakaleta ndoo, wakapanda ngazi, wakazimimina kwenye tangi la nyumba juu ya paa, ili anywe hadi atosheke. Mchana kutwa Halvard alipiga magoti sebuleni. Juu ya kichwa chake mtu alikuwa akinywa. Bila kupumzika. Bila kupumua.

Kisha kimya.

Kesho yake sala ilimalizika. Walizima mishumaa, wakakunja kitambaa, wakafungua mlango wa mbele ili apite.

"Nenda, mdogo wangu," Ubaldina alisema. "Nenda salama."

Hata pazia halikutikisika.

"Ameenda?" Halvard aliuliza.

"Mwombe Mungu, shemeji."

Asubuhi iliyofuata, kwa kuwa hakupata usingizi, alipanda paani. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimekazwa. Tundu lake ni dogo, halipitishi hata mabega ya mtoto. Akakifungua, akaangaza kwa tochi.

Tangi lilikuwa kavu. Chini lilibaki tope jembamba, na kwenye tope kulikuwa na alama za magoti mawili, viganja viwili, na mahali palipolambwa hadi plastiki ikang'aa. Kwenye ukuta wa tangi, kutoka tunduni hadi chini, vidole kumi vilikuwa vimeacha michirizi ya kushuka.

Alizungusha tochi taratibu, mara mbili, akitafuta alama za kupanda.

Hazikuwepo.