Kijana Aliyejua Kusoma Mizani

Mwaka 1957, kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mbula alimpelekea kaka yake uji kwenye ghala la kahawa, Ruiru. Ndambuki alikuwa na miaka kumi na sita. Alifaulu darasa la nane akiwa wa kwanza katika shule yao, lakini kazi yake ilikuwa kubeba magunia. Karani wa mizani alikuwa kijana wa Kizungu, rika lake.

Siku moja Mbula alimkuta kaka yake amesimama mbele ya meneja. Karani alikuwa ameandika ratili 123, na Ndambuki akamwambia kuwa mizani inaonyesha 132. Meneja alilipima gunia upya.

"Umesoma sawa," alisema. "Lakini mchukuzi hamsahihishi Mzungu mbele ya wachukuzi wenzake. Nenda, usirudi."

Ndambuki alitafuta kazi mwezi mzima. Kila ofisi ilimwambia kwamba ukarani ni wa Wazungu na Wahindi. Mwishowe alikwenda Thika. Aliporudi nyumbani kusalimu, alileta sukari na blanketi jipya.

"Nimepata ukarani, Mwaitu," alimwambia mama yao, Syombua. Mama alifurahi.

Mbula alimfuata nje. "Karani wa nani?"

"Wa vijana wa stesheni. Wanaiba kwenye mabehewa, ila hawajui kusoma. Juzi walibeba magunia mawili ya mbolea wakidhani ni unga. Mmoja nusura aipike." Alicheka kidogo. "Sasa mimi ndiye ninayewasomea."

"Huo ni wizi, kaka."

"Najua. Nionyeshe mtu mwingine aliyenipa kazi ya kusoma."

Kesho yake Mbula alimweleza Mwalimu Bedan, aliyewafundisha wote wawili. Mwalimu alikwenda kwa meneja kumwomba amrudishe Ndambuki, hata kama ni kwa kubeba magunia tu. Hakupewa kiti. Jibu lilikuwa lile lile.

Mwalimu alipanga kwenda Thika Jumamosi kumtafuta Ndambuki. Ijumaa vijana wale walikamatwa, Ndambuki akiwa miongoni mwao. Wakikimbia, walimsukuma mlinzi wa stesheni, Mzee Omar, akaanguka na kuvunjika mguu. Mahakamani hakimu alimwuliza Ndambuki kazi yake.

"Karani," alijibu.

Watu walicheka. Alichapwa viboko kumi na viwili na kufungwa miaka mitatu. Wizi stesheni ulikoma.

Jumatatu baada ya hukumu, Mbula alimsubiri Mwalimu mlangoni. "Je, ningenyamaza, Mwalimu, nisikwambie?"

"Hapana. Ulisema kweli, na kweli ndiyo iliyotakiwa." Mwalimu alisugua chaki vidoleni. "Sikiliza. Kaka yako alikosa. Mzee Omar hatatembea vizuri tena, na hakumkosea mtu. Usimtetee Ndambuki kwa hilo. Lakini genge lilimpata kwa sababu milango yote mingine ilifungwa kutokana na rangi yake, na aliyeifunga hakuitwa mahakamani. Ukiulizwa kisa hiki, ukisema nusu moja tu, utakuwa umesema uongo."

"Na mimi nikimaliza darasa la nane?"

Mwalimu aliingia darasani, akachora mizani ubaoni, akauliza inaonyesha ratili ngapi.

Mbula alijua jibu. Aliiweka mikono yake chini ya dawati, akawaacha wengine wainue yao.