Tovuti ya Asali Imeandikwa kwa Jina la Nani?

Bujiku wa Ushirombo hakuwa mtu wa kuamini watu ovyo. Mizinga yake yote ilikuwa na alama: duara na mistari miwili, imechomwa kwa chuma cha moto. Miti ya msituni haikuwa yake. Lakini mzinga wenye alama ile ulikuwa wake, na warina asali wote walijua hivyo. Hata ndoo za asali nyumbani alizichora alama ile ile.

"Baba Asteria, ipo siku utaichora hata kwenye ugali," mkewe Eufrasia alimtania.

"Nikikuta umepungua, nitaichora," Bujiku alijibu. Wala hakuwa anatania sana.

Kazi waligawana. Bujiku alirina. Eufrasia alichuja, akajaza chupa na kubandika lebo. Kwenye lebo palikuwa na namba ya simu ya Bujiku na jina la tovuti yao. Tovuti hiyo ilitengenezwa na Edson, mdogo wake Eufrasia, kabla hajahamia Chato kufundisha kompyuta. Mteja wa mbali akitaka kujua asali inatoka wapi, aliifungua kwenye simu yake. Aliona msitu, mizinga na Eufrasia mwenyewe akichuja.

Jumatano asubuhi simu iliita. Alikuwa Salome, mwenye maduka mjini Shinyanga. Eufrasia ndiye aliyepokea.

"Mama, asali yenu nimeionja, ni nzuri. Nataka niiweke kwenye maduka yangu yote matatu. Lakini nimefungua tovuti iliyoandikwa kwenye chupa, haipo. Jamani, ninyi mpo kweli?"

"Tupo, dada! Tupo hapa hapa Ushirombo!"

"Mwaka jana niliuziwa maji ya sukari, nikaambiwa ni asali. Sirudii tena. Ijumaa naagiza mzigo. Nikiiona tovuti, nachukua kwenu. Nisipoiona, samahani, nachukua kwa mwingine."

Eufrasia aliifungua tovuti kwa simu yake. Ukurasa ulikuwa mtupu. Ndoo za msimu mzima zilikuwa zimejaa chumbani, zinasubiri mnunuzi wa maana kama huyu.

Bujiku aliposikia, alirusha kofia yake chini.

"Nilijua! Huyo Edson ametuuza. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Usimseme ndugu yangu hivyo!"

"Mpigie basi."

Eufrasia alipiga. Simu ya Edson haikupatikana. Alipiga tena na tena, ikawa vile vile. Sasa hata yeye akaanza kuingiwa na shaka, na shaka ile ilimuuma.

Muda huo Masudi, muuza asali wa karibu na stendi, alipita na baiskeli. Alimtazama Bujiku, akacheka.

"Umeona?" Bujiku alinong'ona. "Edson amemuuzia Masudi tovuti yetu. Ndiyo maana anacheka."

Baadaye ilijulikana kwamba Bujiku alikuwa amegeuza shati lake nje ndani. Lakini mwenye shaka hajitazami shati.

Haikupita saa moja, simu ya Bujiku ikaita. Namba ilikuwa ngeni.

"Mwangaluka, baba!" sauti ilisalimia kwa Kisukuma safi.

"Mwangaluka!" Bujiku aliitikia, na uso wake ukafunguka.

"Baba, mimi natoka kwenye kampuni ya tovuti. Tovuti yenu imefungwa. Nitajie neno la siri la baruapepe yenu, niifungue sasa hivi."

"Mungu akubariki, mwanangu! Ngoja nimwite mama, yeye ndiye mwenye daftari lilimoandikwa."

Eufrasia alikuwa ameshalishika daftari. Bahati nzuri, jirani yao Rhoda alikuwa anaingia mlangoni kurudisha ndoo. Rhoda alikuwa msimamizi wa tovuti ya chama cha wakulima wa pamba. Aliyasikia yale maneno, akaiweka ndoo chini haraka.

"Baba Asteria, shikamoo. Kata hiyo simu."

"Marahaba. Nikate kwa nini? Huyu ni mtu wa nyumbani, anasema Kisukuma."

"Hata mwizi ana mama aliyemfundisha lugha. Kata!"

Bujiku alikata, lakini kwa shingo upande.

"Kampuni ya kweli haikuulizi neno la siri," Rhoda alisema. "Akilipata, anaingia kwenye baruapepe yenu, anawafungia nje."

"Sasa amejuaje kwamba tovuti imefungwa?"

"Mtu yeyote anaweza kuifungua akaona. Na namba yako iko kwenye kila chupa."

Rhoda aliketi, akatoa simu yake.

"Tovuti inalipiwa vitu viwili," alisema. "Kwanza, jina lake. Pili, nafasi kwenye seva. Seva ni kompyuta ya kampuni inayowaka usiku na mchana. Picha na maandishi yenu yanakaa humo, na nafasi hiyo mnapanga tu. Jina nalo lina muda wake. Muda ukiisha bila kulipiwa, tovuti haionekani."

Bujiku alikuna kidevu. "Kwa hiyo seva ni mti. Jina ndiyo alama ya mzinga."

"Hapo umenishinda kueleza."

"Basi niambie, mzinga wangu una alama ya nani?"

Rhoda aliangalia kwenye orodha ya majina ya tovuti, ambayo kila mtu anaweza kuisoma. "Jina limesajiliwa kwa Edson. Muda wake uliisha Jumamosi. Ila halijauzwa kwa mtu. Bado kuna siku chache za kulilipia kabla mwingine hajaruhusiwa kulichukua."

"Kwa Edson! Si nilisema ni mwizi?"

Eufrasia alilifunga daftari. Kisha alisema polepole, "Baba Asteria, unakumbuka siku ile ya kusajili? Edson alikuomba jina lako na namba ya kitambulisho. Ulimjibuje?"

Bujiku aliangalia pembeni.

"Ulisema, 'Namba yangu simpi mtu.' Mimi nikamwambia mdogo wangu, basi andika vya kwako."

Bujiku aliitazama alama yake kwenye ndoo. Aibu ilimshika. Mzinga wake mwenyewe, alikataa kuutia alama!

Eufrasia alimpigia Mariana, mke wa Edson. Mariana akampa mumewe simu, na Eufrasia akampa Bujiku ya kwake.

"Shikamoo, shemeji," Edson alisema. "Nisameheni. Simu yangu ilitumbukia ziwani wiki mbili zilizopita. Ujumbe wa kukumbusha malipo ulikuwa unakuja humo."

"Marahaba," Bujiku alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye wa kuomba msamaha. Nimekuita mwizi tangu asubuhi."

Edson alicheka. "Nilihisi masikio yananiwasha."

Siku ile ile Edson alililipia jina. Alhamisi jioni tovuti ilirudi, na picha ya Eufrasia ikaonekana tena. Ijumaa asubuhi Salome alipiga simu. "Nimewaona," alisema. "Leteni mzigo."

Lakini Rhoda hakuwaacha wapumzike. Wiki iliyofuata Edson aliiomba kampuni ihamishe jina kwa Bujiku na Eufrasia. Bujiku aliiandika namba ya kitambulisho chake mwenyewe, kwenye ukurasa wa kampuni. Kabla ya hapo aliwapigia kwa namba iliyo kwenye risiti, akauliza maswali mpaka Rhoda akapiga miayo. Eufrasia alibadilisha neno la siri la baruapepe, likawa refu. Sasa kila anayetaka kuingia lazima pia awe na namba inayotumwa kwenye simu ya Eufrasia. Edson alipewa neno lake mwenyewe la kuingilia kwenye tovuti, ili aendelee kuweka picha mpya. Nakala ya tovuti nzima waliihifadhi kwenye flashi. Tarehe za kulipia jina na seva Bujiku alizizungushia duara kwenye kalenda ya ukutani. Pembeni ya kila duara alichora mistari miwili.

Kisha aliipakia ndoo moja ya asali kwenye basi la Chato. Alikuwa ameikwangua alama yake, akaandika jina la Edson.

Mwezi mmoja baadaye, simu yake iliita. Namba ilikuwa ngeni.

"Mwangaluka, baba! Natoka kwenye kampuni ya tovuti. Nitajie neno lenu la siri..."

Bujiku alimkonyeza mkewe.

"Mwangaluka, mwanangu," alisema. "Neno la siri silitaji. Hata kwa Kisukuma."