Nywele za Rashidy Zilikuwa na Mwenyewe

Asubuhi ya Jumanne Rashidy aliamka amesukwa.

Mtindo wa twende kilioni, mistari minne, imekazwa mpaka nyusi zimepanda. Na mtu analala peke yake, mlango kaukomea kwa ndani! Mama yake, Bi Mwanamvua, alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Mwanangu, nani kakusuka?"

Rashidy hakucheka. Mto wake ulinuka mafuta ya nazi yaliyochacha.

Usimwonee huruma haraka. Huyu fundi simu wa Nachingwea, mwenye mdomo kuliko redio, alianza kuota upara akiwa na miaka ishirini na sita. Vijana wa stendi wakambatiza Uwanja wa Ndege. Zulfa, mchumba wake wa Ruangwa, alisema kipara kinampendeza, lakini jamaa anamsikiliza nani? Akapanda basi mpaka Dar kumwona daktari wa kupandikiza nywele.

Daktari hakumficha. "Njia ni mbili. Nikate ukanda wa ngozi kisogoni nitoe mizizi humo, au nitoe mzizi mmoja mmoja bila kukata ukanda. Zote zinatumia nywele zako mwenyewe, na kisogo chako nacho kimechoka. Za mtu mwingine mwili utazikataa."

Mwenye akili angenunua kofia. Mimi ningenunua mbili. Yeye akaenda Ruangwa, chumba cha nyuma ya soko, kwa bwana mmoja aliyemwambia, "Ninazo ambazo mwili hauzikatai." Akadungwa sindano kutwa nzima, unywele mmoja mmoja, na hakuuliza hata mara moja ni za nani. Ndani ya wiki zilikuwa zimefika mabegani.

Sasa Jumanne hiyo, jua la utosi, akakimbilia kwa Titus kinyozi.

"Nyoa zote."

Mashine ikazimika. Titus akashika mkasi, akasita. "Kaka, zina joto."

"Nyoa, nakuomba."

"Kaka... zinapumua."

Rashidy akatazama kwenye kioo na kuona mistari ikifumuka yenyewe, taratibu, kama inafumuliwa na vidole vya mtu asiye na haraka, huku sauti ya kitana ikikwaruza kwaru, kwaru, na ile harufu ikijaa kibandani mpaka Titus akaanza kukohoa, na hapo nyuma ya kiti, ambapo palikuwa na ukuta tu, mwanamke akanong'ona, "Tulia, usije ukaumia." Titus alitoka mbio, mkasi mkononi.

Rashidy na mama yake wakamrudia yule bwana wa Ruangwa. Chumba walikikuta kimejaa magunia ya ufuta, vumbi la msimu mzima juu yake.

Shehe Bashiri akamsomea siku tatu. Nywele zikalala, harufu ikaisha.

"Ameondoka?" Bi Mwanamvua aliuliza kwa kunong'ona.

"Amenyamaza," shehe alijibu, na hakumtazama machoni.

Ijumaa ya wiki iliyofuata ndoa ikafungwa, au tuseme ilitaka kufungwa. Rashidy alikaa mkekani na kanzu mpya, jasho linamtoka. Baba yake Zulfa akamshika mkono mbele ya watu, akatamka kwamba amemwoza binti yake. Lilibaki neno moja tu la Rashidy: nimekubali. Akafungua mdomo, na watu wote wakaona koo lake likihangaika, machozi yakimtiririka, na nywele zikishuka kutoka chini ya kofia zikimzunguka shingo mara moja, mara mbili, mara tatu, bila pupa, kama mke anavyomfunga mumewe shali siku ya baridi, ndipo kinywani mwake ikatoka sauti ya kike, laini, yenye adabu zake:

"Samahanini wazee. Huyu ana mke."

Zulfa alifika mlangoni na mtandio wake wa harusi. "Rashidy, niangalie," akasema. "Niangalie mimi."

Macho ya Rashidy yalikimbilia pembeni kumtafuta, yakavutika mpaka ukabaki weupe mtupu. Kichwa hakikugeuka.