Wanaotafuta Kiti cha Mtoto

Asubuhi hiyo Kageha alikuwa akikata sponji kwa kisu kirefu. Nje ya mlango, mumewe Luseno alikuwa akichomelea vyuma. Karakana yao iko Donholm, Nairobi, nyuma ya maduka. Luseno huunda viti vya watoto wasioweza kukaa wenyewe, wale ambao mgongo hauna nguvu au shingo haishiki. Kageha hushona mito na mikanda ya viti hivyo.

Simu ililia. Kageha alifuta mikono, akaipokea.

"Halo, ni hapo mnauza viti?"

"Ndiyo, karibu."

"Nataka sofa ya watu saba. Rangi ya maziwa."

Kageha alieleza kwamba hawauzi sofa. Mtu yule akakata simu. Muda si mrefu akapiga mwingine, akitaka kukodisha viti vya plastiki vya harusi.

Luseno alivua miwani yake ya kazi. "Mama Mourine, hayo matangazo ya Google yanatuletea watu wa sofa tu. Yamekula pesa yetu bure. Mwezi huu ukiisha, nafunga hapa. Narudi kiwandani, kama watanichukua."

Kageha aliangalia viti vilivyokwisha kutengenezwa. Vilikuwa vimepangwa ukutani, vimefunikwa kwa nailoni. Alijua watoto wa kuvikalia wapo. Hakujua namna ya kuwafikia wazazi wao.

Jumamosi alimwendea jirani yao, Muhiba. Muhiba ameajiriwa na kampuni moja mjini, na kazi yake ni kusimamia matangazo ya mtandaoni.

"Karibu, Mama Mourine. Mbona unaonekana mnyonge?"

Kageha alimweleza yote. Muhiba akafungua kompyuta, akaingia kwenye akaunti yao ya matangazo.

"Hapa ndipo penye shida," alisema. "Tangazo lenu limefungwa kwenye neno moja tu: viti. Mtu yeyote wa Nairobi akiandika viti, linamtokea. Akilibonyeza, nyinyi mnalipa, hata kama alitaka sofa."

"Kumbe."

"Sasa sogea uone kitu. Google hutuonyesha baadhi ya maneno ambayo watu waliandika kabla ya kubonyeza. Haituonyeshi aliyeandika ni nani. Ni maneno tu."

Kageha alisogea. Mwanzoni aliona sofa, viti vya ofisi, viti vya harusi. Kisha, katikati ya hayo, akasoma: *kiti cha mtoto asiyeweza kukaa.* Chini yake: *mtoto miaka mitatu shingo haishiki.* Chini zaidi: *mtoto wangu anaanguka akikaa nifanye nini.*

Alisoma polepole, midomo ikitembea. Watu ambao hajawahi kuwaona walikuwa wameuliza jambo lile lile ambalo yeye na mumewe hulifanya kila siku. Wengine huenda hawakuwahi kuwaambia hata majirani.

"Hawa watu wako wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tangazo lenu linaonyeshwa Nairobi pekee. Kwa hivyo wako Fedha, wako Mathare. Wengine pengine wanapita hapo barabarani."

"Na walilibonyeza?"

"Walilibonyeza. Wakaingia kwenye ukurasa wenu wa mtandaoni, wakatoka."

Muhiba aliufungua ukurasa huo. Juu palikuwa na picha kubwa ya lango la karakana. Chini yake pameandikwa: *Kazi bora ya chuma.* Namba ya simu ilikuwa chini kabisa. Neno mtoto halikuwepo popote.

"Walifika mlangoni kwetu," alisema Kageha, "na hatukuwaambia kitu."

Siku iliyofuata Muhiba alifika karakanani. Kwanza walizuia tangazo lisiwatokee watu wa sofa, wa ofisi na wa harusi. Wakaliweka kwenye maneno ya wazazi. Simu za sofa zikakoma.

Kisha wakaanza kuurekebisha ukurasa, na hapo mume na mke wakabishana.

"Weka picha ya kiti chenyewe, kwa karibu," alisema Luseno. "Mzazi anataka kujua hiyo kitu ni imara."

"Mzazi anataka kuona mtoto amekaa, anacheka," alisema Kageha.

Muhiba alitabasamu. "Msichoke bure. Tutatengeneza kurasa mbili. Zifanane kwa kila kitu isipokuwa hiyo picha. Nusu ya wageni waone moja, nusu nyingine waone ya pili, kwa wakati ule ule. Halafu tuangalie wanaobonyeza namba ya simu wametoka ukurasa upi."

"Kwa nini picha peke yake?" aliuliza Luseno. "Si tubadilishe na maneno pia?"

"Tukibadilisha vitu vingi pamoja, hatutajua ni kipi kilichofanya kazi. Na tusiamue mapema, Baba Mourine. Wageni wachache wanaweza kutudanganya. Tungoje wawe wengi."

Walingoja. Kageha alikuwa na hakika picha yake itashinda. Alikuwa amemwomba mzazi mmoja, mteja wao wa zamani, ruhusa ya kutumia picha ya mtoto wake, na picha ilikuwa nzuri sana.

Picha ya Luseno ndiyo iliyoshinda, tena kwa mbali. Kageha hakuelewa, mpaka simu za wazazi zilipoanza kuingia. Wazazi waliuliza: mkanda wa kifua unafungwaje? Hautamuumiza? Kile kishikio cha kichwa kinasogea?

"Unaona?" alisema Luseno. "Wanaangalia mikanda yako."

Baadaye walijaribu kupandisha namba ya simu juu ya ukurasa. Simu zikaongezeka tena. Luseno hakuzungumza tena habari za kiwanda. Lakini siku moja alimwuliza Muhiba swali lililokuwa likimsumbua.

"Tukiacha kulipa, tutaonekana?"

"Hapana. Tangazo likisimama, mtapotea siku hiyo hiyo. Ndiyo maana mnahitaji na kurasa zinazopanda zenyewe kwenye majibu ya Google, bila kulipiwa. Google huzipandisha zile inazoona zinajibu vizuri alichouliza mtu. Na mmeshajua wanachouliza. Matangazo yamewafundisha."

Basi Kageha akaanza kuandika. Kila swali la mzazi aliliandikia ukurasa wake, kwa Kiswahili chepesi. Alieleza namna ya kumpima mtoto: kutoka nyonga hadi goti, kutoka makalio hadi bega. Alieleza kwa nini mtoto aonwe kwanza na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kabla ya kununuliwa kiti chochote.

Wiki za kwanza hakuna kilichotokea. Kageha alikata tamaa, akaacha, akaanza tena. Mvua za masika zilikuja na kuisha. Kurasa zikaanza kupanda kidogo kidogo, mpaka siku moja Muhiba alimwita.

"Tazama."

Alikuwa ameandika *kiti cha mtoto asiyeweza kukaa.* Juu kabisa palikuwa na tangazo lao. Chini yake palikuwa na ukurasa wa Kageha, ambao hakuna aliyeulipia.

"Basi tuzime tangazo," alisema Kageha.

"Tusikisie, tujaribu. Tulizime kwa maneno haya tu, tuone kama simu zitapungua."

Walijaribu. Kwa maneno hayo simu hazikupungua, wakahamisha pesa za tangazo kwenye maneno ambayo kurasa zao hazijapanda. Wakajaribu tena kwa maneno ya kiti cha kulishia mtoto. Hapo simu zilipungua sana, kwa sababu wauzaji wengine walikuwa wakiyalipia na kukaa juu yao. Wakarudisha tangazo mara moja.

Viti vilivyofunikwa kwa nailoni viliondoka vyote. Luseno alianza kuunda vingine kwa vipimo vilivyotumwa na wazazi wenyewe.

Mwezi wa Agosti mama mmoja aitwaye Ndindi alikuja kutoka Fedha. Alikuwa amembeba mwanawe, Kim, kifuani. Kim alishakuwa mkubwa mno kubebwa, na miguu yake ilining'inia.

"Ulitupataje?" Kageha alimwuliza.

"Nilisoma ule ukurasa wa vipimo. Nikampima, nikampeleka kwa mtaalamu kama mlivyosema. Pesa sikuwa nayo wakati huo. Majuzi nikatafuta tena, tangazo lenu likatokea. Nikakumbuka ni nyinyi, nikawatumia vipimo."

Kiti cha Kim kilikuwa tayari. Kageha alimpokea Kim, akamkalisha taratibu. Alifunga mkanda wa nyonga, kisha wa kifua. Luseno alisogeza kishikio cha kichwa. Wakaondoa mikono.

Kim alibaki wima. Macho yake yalitembea kutoka ukutani hadi mlangoni, yakarudi kwa mama yake.

Ndindi alirudi nyuma hatua moja. Akamtazama mwanawe kana kwamba ndiyo mara ya kwanza wanakutana.

"Sikujua ni mrefu hivi," alisema.